Upepo wa Saa Nane Usiku

Zoezi letu la kwanza la kujiokoa kiwandani lilichukua dakika 4 na sekunde 10, nasi tukajipigia makofi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limechanua. Wafanyakazi wa shifti ya mchana walijipanga kwenye uwanja wa nyuma unaotazama ziwa, mabuti meupe miguuni, kofia za nyavu kichwani, wanacheka. Meneja alishika saa kama mwalimu wa michezo. Mimi nilishika orodha. Niliita majina, wote wakaitika, nikaandika "limefanikiwa" kwa wino wa bluu na kuweka sahihi. Miezi mitano baadaye gesi ilitoka kweli, na uwanja ule ule ndio ulioniumizia watu.

Nilikuwa afisa usalama katika kiwanda cha kuchakata sangara, Mwanza. Nilianzia idara ya ubora, nikipima joto la minofu, mpaka nikapelekwa kozi ya wiki mbili na kurudi na cheti. Tangu hapo nikawa Mama Usalama, ingawa wakati huo sikuwa hata na mtoto.

Asiyewahi kuingia kiwanda cha samaki anadhani hatari yake ni visu na sakafu inayoteleza. Hizo zipo. Lakini mnofu wa kusafirishwa nje hugandishwa mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri, na ubaridi huo kwetu ulitengenezwa kwa amonia. Amonia huchemka ikiwa nyuzi 33 chini ya sifuri. Ndiyo maana inafaa kugandishia, na ndiyo maana ikipata tundu haingoji kualikwa. Mafundi wa baridi huisifu kwa jambo moja, kwamba haijifichi. Pua huinusa ikiwa bado ni sehemu chache tu katika milioni ya hewa, mapema kabla haijafika sehemu 300, kiwango ambacho mtu hatakiwi kuwapo bila kifaa cha kupumulia. Lakini inapenda maji mno. Hutafuta mahali penye unyevu mwilini mwako: machoni, kooni, kwapani. Na mchakataji minofu amelowa tangu kofia hadi soksi.

Wengi husema amonia ni nyepesi kuliko hewa, itapanda juu na kupotea. Ni kweli ikiwa kavu. Ikichomoka kwenye bomba ingali kimiminika, hutoka na matone yenye baridi kali, ikawa ukungu mweupe mzito unaotambaa chini na kufuata upepo. Hilo nilifundishwa darasani, na kwenye mtihani nikalipatia. Uwanjani sikulifikisha.

Mpango wetu wa dharura ulikuwa kabrasha la kijani lililokaa kwenye kabati ya ofisi, safi, halina hata doa la chai. Ukurasa wa 11 ulikataza watu kutumia lifti wakati wa moto. Kiwanda chetu ni cha sakafu moja. Kitu pekee kilichokuwa kikipanda na kushuka pale ni bei ya samaki. Aliyeuandika alinakili mahali, aliyemfuata akabadilisha jina la kampuni, nami nikabadilisha tarehe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ilitajwa ukurasa wa kwanza kwa herufi nene, na kabrasha lilikuwa tayari siku zote kwa mkaguzi.

Aliyekuwa na mpango wa kweli ni samaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, na viwanda vya kanda hii vikajifunza kwa maumivu. Kwetu joto la mnofu liliandikwa kila saa, kila kreti ilikuwa na namba, na ukiuliza kipande fulani kimetoka wapi ungefuatilia makaratasi mpaka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, kiliponunuliwa. Kibarua wa usiku hakuwa na namba. Jina lake liliandikwa kwa penseli kwenye daftari la supavaiza, mara nyingine jina moja tu, mara nyingine "mdogo wake fulani".

Usiku ule fundi alikuwa akimwaga oili. Oili ya kompresa, mashine inayoisukuma gesi, husafiri na gesi hiyo na kutuama chini ya matangi, kwa hiyo kila baada ya muda lazima imwagwe kupitia vali ndogo. Oili ikiisha, inayofuata ni amonia yenyewe. Anayeimwaga hutakiwa asimame hapo hapo, mkono kwenye vali, asiondoke hata akiitwa na mkewe. Na huyu hakuondoka. Ila vali yetu ilikuwa ya kuzungusha, si ile ya springi inayojifunga ukiiachia, na alipotaka kuifunga ilinasa. Akazima umeme wa chumba cha mitambo kama alivyofundishwa, maana amonia ikikusanyika kwa wingi ndani inaweza kushika moto, kisha akatoka akikohoa. King'ora kilikuwa kwenye laini hiyo hiyo ya umeme. Kilinguruma mara mbili kikanyamaza, na taa zikafuata.

Simu yangu iliita saa nane na dakika 20 usiku. Mimi nilikuwa mtu wa tatu kupigiwa. Supavaiza alianza na meneja wa uzalishaji, kisha meneja mkuu, akiomba ruhusa ya kusimamisha kazi na kuita zimamoto. Wote walikuwa wamelala. Namba 114 ilikuwa imebandikwa ukutani mbele ya macho yake muda wote huo, lakini mpango ulisema "uongozi utawasiliana na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji", na yeye hakujiona kuwa uongozi. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakupiga mwenyewe, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini hakukaa kwenye kiti cha meneja.

Watu wakakimbilia uwanja wa nyuma. Walitii. Walifanya kile kile nilichowafundisha, na hilo linanikaa kooni kuliko amonia. Ukungu uliwafuata, maana usiku ule upepo ulikuwa ukivuma kuelekea ziwani. Kulia kwao senyenge, kushoto ukuta wa mtambo wa barafu, mbele yao maji. Geti la barabarani lilikuwa limefungwa kwa kufuli tangu saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya wizi wa minofu, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa walinzi aliyekuwa akizunguka upande wa pili wa kiwanda.

Wanawake waliingia ziwani mpaka kiunoni. Walilowesha vitambaa vya kichwa wakafunika pua na mdomo, wakawa wanawamwagia wenzao maji machoni kwa viganja. Hakuna mahali popote kwenye kabrasha palipoandikwa hivyo. Ndiyo huduma ya kwanza pekee iliyotolewa kwa wakati, kwa sababu watu wangu wawili wenye vyeti vya huduma ya kwanza walikuwa wa shifti ya mchana.

Geti lilipofunguliwa tukaanza kuhesabu, na hesabu ikakataa. Orodha ya ofisi ilisema watu 48, waliosimama mbele yangu walikuwa zaidi ya 60, na daftari la supavaiza lilibaki ndani. Mmoja akasema hamwoni rafiki yake. Fundi wa pili akavuta shati puani akarudi ndani kumtafuta. Rafiki huyo alikuwa kwake, amelala. Alitoka saa sita kwa sababu mtoto alikuwa na homa, akamuaga mlinzi. Fundi ndiye aliyelazwa siku tisa. Hakuna aliyekufa, lakini kifua cha yule kijana hakikurudi kilivyokuwa. Akipanda ngazi mpaka leo utamsikia kabla hujamwona.

Kikao cha tathmini tulikaa watu saba, wote wa mchana. Tuliongea kwa muda wa saa tatu kuhusu vali. Vali ilistahili kuongelewa, na ilibadilishwa. Lakini nilitoka pale nikiwa na swali la upepo, nikaenda getini kuchukua kumbukumbu za nani aliingia saa ngapi. Mlinzi wa usiku ni mzee aliyevua dagaa ujana wake wote kabla mgongo haujamkatalia. Akaniuliza yeye kwanza.

"Mwanangu, kule nyuma mliwapeleka watu kufanya nini?"

"Ndiyo sehemu ya kukusanyikia, mzee wangu."

"Mchana sawa. Usiku upepo unatoka nchi kavu unakwenda ziwani. Sisi tulikuwa tukiutegemea kutoka na tanga. Jua likishapanda, ziwa nalo linakurudisha nyumbani."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Hilo kabrasha lenu mliniletea lini?"

Hakuna siri hapo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvutwa kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa haraka, mambo hugeuka. Kila mvuvi kuanzia Kirumba mpaka Ukerewe anajua. Nami nilizaliwa hapa, nimeanika nguo hapa, lakini zoezi nililipanga saa nne asubuhi kwa sababu saa nne ndipo meneja alipokuwa na nafasi.

Kabrasha sikulirekebisha, nililiacha kabatini. Nilikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo saa moja jioni, shifti ya usiku ikiingia, nikachora ramani ya kiwanda sakafuni kwa chaki. Nikamwaga mfuko wa vizibo vya soda, nikawaambia kila mmoja ajiweke anaposimama saa nane usiku. Kwanza wakaona haya. Kisha mama mmoja wa meza ya kuchuna ngozi akaweka kizibo chake akasema, "Mimi niko hapa, mabuti yamejaa maji, kisu mkononi. Huo mlango wako unafunguka kuja ndani. Na mbele yake usiku kuna toroli la mapanki." Niliandika kuliko nilivyoandika kwenye kozi ya wiki mbili. Sikuwa nikijua habari ya toroli. Mchana mlango ule huwa wazi, na mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyobaki baada ya kutoa minofu, yamekwisha kuchukuliwa.

Habari ya visu ilinishtua zaidi. Nilijua watu wanakimbia; sikuwahi kufikiri wanakimbia na nini. Wasichana wawili walikuwa na majeraha ya mikono ya usiku ule na hawakuyasema, wakidhani watakatwa mshahara kwa kutoka na kifaa cha kazi. Sasa kisu kinaachwa mezani, ncha kuelekea katikati, na tunafanya mazoezi ya kitendo hicho peke yake, sekunde mbili, kama wanajeshi.

Tuliulizana pia watasikiaje, umeme ukiwa umekatika na kompresa zinanguruma. Nilikuwa nimeomba bei ya king'ora cha betri. Kijana wa barafu akasema, "Dada, si tupige ringi tu?" Tukatundika ringi la lori kwenye nguzo ya geti, na nondo pembeni, kama shule ya msingi. King'ora cha betri nacho kilikuja baadaye, nacho kizuri, lakini ringi halijawahi kuishiwa chaji. Bomba la kuoshea macho tuliliunganisha na simtanki juu ya mnara badala ya pampu, kwa sababu ile ile. Macho yaliyoingiwa na amonia yanataka maji yanayotiririka angalau dakika 15, na pampu isiyo na umeme haitoi hata kikombe.

Vita vikubwa vilikuwa vya kufuli. Meneja alikuwa na hoja: minofu ilikuwa ikiibwa kweli, na siku moja ilikutwa imefungwa kiunoni kwa mtu kama mtoto mgongoni. Nikamsimulia nililolisikia kwenye kozi, la kiwanda cha kuku mjini Hamlet, North Carolina, kule Marekani. Tarehe 3 Septemba 1991 moto ulianzia karibu na kikaangio kikubwa, na wafanyakazi 25 wakafa. Milango kadhaa ilikuwa imefungwa kwa nje. Mwenye kiwanda aliogopa kuibiwa kuku. Meneja alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ninamfananisha na huyo. Nikasema ninafananisha kufuli. Ubishi ule haukumalizwa na maneno yangu. Ulimalizwa na mtu wa stoo, aliyeuliza kwa nini tusifunge geti kwa sili ya plastiki yenye namba, zile tunazofungia makontena. Yeyote anaikata kwa mkono akiwa ndani, na ikikatwa bila sababu asubuhi inaonekana. Geti limefungwa hivyo mpaka leo. Tangu siku hiyo nikiitisha kikao namwita mtu wa stoo.

Vibarua nao wakapata namba. Kila anayeingia anachukua kibati kwenye ubao wa getini, akitoka anakirudisha. Ubao wenyewe unasomeka bila daftari: msumari mtupu ni mtu aliye ndani. Na kwenye mpango mpya, ulioandikwa kwenye karatasi mbili tu, kuna sentensi niliyoigombania mpaka ikapita: mlinzi wa zamu au supavaiza atapiga 114 bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote.

Zoezi la kwanza la usiku lilikuwa aibu tupu. Niliwaarifu masupavaiza, kwa kuwa kumshtua gizani mtu aliyeshika kisu ni ujinga, lakini sikusema saa. Niliweka gunia la pumba lililovalishwa ovaroli mlangoni mwa chumba cha mitambo, nikatangaza kuwa huyo ni fundi ameanguka. Wanaume watatu wakaruka ndani kumbeba, mmoja baada ya mwingine, bila barakoa. Barakoa zenyewe tulizikuta baadaye: zilikuwa zimetundikwa vizuri ndani ya chumba hicho hicho cha mitambo, kwenye msumari wake, vichujio vimeisha muda. Niliwachora wote watatu alama ya chaki mgongoni na kuwaambia, "Nyie mmekufa, kaeni pale na gunia." Walicheka. Fundi mkuu hakucheka.

Yeye alikuwa kijana Mwanza ile siku ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Aliwaambia wale watatu kwamba meli ilikuwa imepinduka lakini bado inaelea, watu wanagonga kutoka ndani, na waokoaji wakatoboa chuma ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatokea kwenye tundu, na meli ikazama. "Waliotoboa hawakuwa watu wabaya," alisema. Hakuongeza kitu, akaenda kuhamishia barakoa kwenye kabati ya nje. Mitungi miwili ya hewa ya mgongoni ilinunuliwa baada ya miezi minne, na wenye kuruhusiwa kuivaa ni watu sita waliofundishwa. Wengine wote kazi yao ni kuelekeza kwa sauti na kufunga mlango.

Fomu ya zoezi nayo niliibadilisha. Niliondoa kisanduku cha "limefanikiwa / halijafanikiwa" na kuweka swali moja: nini kilitushangaza? Meneja aliniuliza atamwonyesha nini mnunuzi wa Ulaya akija. Nikamwambia amwonyeshe hiyo hiyo. Mara ya kwanza alimwonyesha akiwa ananitazama kwa jicho la pembeni. Mgeni alisoma ukurasa wote, akauliza habari ya toroli.

Sasa tuna sehemu mbili za kukusanyikia, ya ziwani na ya barabarani, na soksi ya upepo juu ya paa, mfuko mrefu unaoonyesha upepo unakoelekea, iliyoshonwa kwa kitambaa cha mwavuli mwekundu, imemulikwa na taa ya sola. Anayeamua ni aliye getini, kwa sababu yeye ndiye anayeiona. Ringi likipigwa mfululizo, njooni barabarani. Likipigwa mawili mawili, nendeni ziwani. Tumefanya mazoezi usiku mara nyingi kiasi kwamba miguu ya watu imezoea: usiku ni barabarani.

Masika iliyopita nilipanga zoezi la saa kumi alfajiri. Mvua ikaja kabla yangu. Nilitaka kuahirisha, mzee akasema amonia haiangalii hali ya hewa, basi nikavaa koti la mvua nikasimama naye getini, saa mkononi. Nilipotoa ishara alinyanyua nondo, akatazama juu ya paa. Soksi ya upepo ilikuwa imelowa chepechepe, inaning'inia kama mkia wa mbwa aliyefukuzwa jikoni. Haikuonyesha upande wowote. Ndani milango ilikuwa imeshaanza kufunguka, na wa mbele, bila kungoja ringi, walikuwa wanakimbia kuja kwetu kama walivyozoea.

"Piga mfululizo," nikamwambia. "Ni usiku."

Hakunijibu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama mvua yenyewe inavyolala kwenye mwanga wa taa ya geti. Ilikuwa ikitupiga usoni, ikitokea ziwani. Akashika nondo kwa mikono miwili, akapiga mawili, akatulia, akapiga mawili tena. Wale wa mbele wakasita katikati ya uwanja, wakagongana na waliokuwa nyuma yao. Kisha nikasikia sauti ya mama wa meza ya kuchuna ngozi ikipaza kutoka gizani, "Ziwani! Amesema ziwani!", na mabuti yote yakageuka kwenye madimbwi.

Dakika 9 na sekunde 40. Kwenye fomu, mbele ya swali la nini kilitushangaza, niliandika "soksi", na chini yake jina la mzee.